Mikeka na magodoro ya upepo kwa kambi ya familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa familia za Dar es Salaam zinazolala nje na hema: Kigamboni wikiendi, Bagamoyo au Saadani sikukuu, Mikumi, Morogoro au Lushoto shule zikifungwa. Kama una haraka, anza na swali la baridi na lile la godoro kulegea alfajiri. Hayo mawili ndiyo yanayoleta malalamiko mengi, na mara nyingi godoro lenyewe halina kosa.

Kuna aina ngapi, na zinatofautianaje?

Ziko tatu.

Godoro la upepo ni lile la plastiki nene ya PVC, lenye manyoya laini juu, kimo chake sentimita 20 hadi 25. Wengi wanalo nyumbani kwa ajili ya wageni. La watu wawili lina uzito wa kilo tatu na zaidi, na likikunjwa linajaza begi la shule. Ndani hamna kitu ila upepo na kuta chache za plastiki zinazolizuia lisivimbe kama puto.

Mkeka wa upepo umetengenezwa kwa nailoni au poliesta iliyopakwa plastiki laini kwa ndani. Unene wake ni sentimita 5 hadi 10, wa mtu mmoja mara nyingi haufiki kilo moja, na ukikunjwa unalingana na chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Mkeka unaojijaza una sponji yenye vitundu ndani, iliyogandishwa kwenye kitambaa cha juu na cha chini. Ukifungua vali, sponji inatanuka na kuvuta upepo yenyewe. Ni mzito na unakula nafasi kwenye buti, lakini ukitoboka saa nane ya usiku bado una sponji chini ya mgongo. Hizo mbili nyingine zikitoboka, umelala chini.

Kwa familia inayokwenda na gari, chaguo letu ni mkeka unaojijaza wa sentimita 5 hadi 8. Anayepanda basi, au treni ya SGR kwenda Morogoro, achukue mkeka wa nailoni. Godoro la manyoya linafaa kambi ya usiku mmoja ufukweni, gari likiwa limepaki hatua chache kutoka kwenye hema, na si zaidi ya hapo.

Nene zaidi ni bora zaidi?

Hapana. Unene unasaidia nyonga na bega visiguse chini, basi. Anayelala chali au mtoto wa shule ya msingi anatosheka na sentimita 4 au 5. Anayelala ubavu, hasa mwenye mwili mkubwa, atafute 7 na kuendelea. Kinachozidi hapo ni upepo wa ziada wa kujaza jioni na kutoa asubuhi.

Mzee mwenye magoti mabovu ni habari nyingine. Kuinuka kutoka kwenye mkeka wa sentimita 6 ni kazi kwake, na godoro la sentimita 22 halimsaidii sana kwa sababu ukingo wake unabonyea anapoegemea kuinuka. Mpeni kitanda cha kukunja cha turubai, kisha mkeka juu yake.

Dukani tumeonyeshwa godoro lenye pampu ya umeme ndani yake. Si ndiyo rahisi?

Ni rahisi sebuleni. Pampu ile inataka umeme wa ukutani, na kambini ukuta hakuna. Baadhi yana tundu la pili la kujazia kwa pampu ya kawaida, mengine hayana kabisa, na mnaligundua hilo giza limeingia. Kabla ya kulipa, geuza godoro utafute vali ya pili yenye kiziba. Isipokuwepo, rudisha kwenye boksi. Soma pia kibandiko cha umeme: vifaa vilivyoletwa kutoka Marekani huandikwa volti 110 au 120, na ukivichomeka kwenye volti 230 za kwetu vinaungua hapo hapo.

Tuko watano. Tununue magodoro makubwa mawili au kila mtu awe na wake?

Kila mtu wake, au angalau baba na mama kwenye moja, na watoto kila mmoja na wake. Kwenye godoro lenye chumba kimoja cha upepo, mtu wa kilo 85 akigeuka, wa kilo 25 anarushwa. Halafu tundu moja linawaangusha wote. Mikeka ya mtu mmoja unaweza kuipanga kulingana na umbo la hema, kumgawia mtoto mmoja anayelala kwa shangazi, au kubadilisha mmoja ulioharibika bila kununua vyote upya.

Hoja ya kweli dhidi ya mikeka mmoja mmoja ni ule ufa wa katikati ambamo mtoto anaishia usiku wa manane. Dawa yake ni ndogo: panga mikeka ya kimo kimoja, izungushe kamba bapa mbili kwa chini, moja usawa wa mabega na nyingine usawa wa magoti, kisha tandika shuka moja yenye mpira pembeni juu ya yote. Mkeka wa sentimita 8 ukikaa na wa sentimita 4, ufa utabaki hata ukiufunga vipi.

Hema letu limeandikwa la watu wanne. Mbona magodoro mawili ya watu wawili hayaingii?

Kwa sababu watengenezaji wengi huhesabu takribani sentimita 60 kwa mtu, mmelala mmebanana. Hema la namna hiyo mara nyingi lina sakafu ya sentimita 240 kwa 210. Godoro la kawaida la watu wawili lina upana wa sentimita 137, kwa hiyo mawili ni 274. Hayaingii, na ukiyalazimisha yanasukuma kuta. Godoro moja la 137 na mikeka miwili ya sentimita 50 yanakaa kwenye 240 kwa shida, bila mahali pa kuweka hata viatu.

Pima chumba cha ndani chenye neti, si ukubwa ulioandikwa nje ya mfuko, maana huo mara nyingine huhesabu na kibaraza. Kumbuka kuta zimeinama. Ukilala juu ya godoro la sentimita 22, kichwa na miguu vinafika mahali hema limeanza kuwa jembamba, blanketi linagusa ukuta, na alfajiri umande ulioganda kwa ndani unaingia kwenye matandiko. Watu husema hema linavuja wakati ni godoro lililowapandisha juu mno.

Mtoto wa miezi tisa anaweza kulala kwenye godoro la upepo pamoja nasi?

Hapana, na hapa hatuna nafasi ya kujadiliana. Uso laini unaobonyea unaweza kumziba pua na mdomo akigeuka kifudifudi, na anaweza kunasa kati ya godoro na ukuta wa hema au katikati ya magodoro mawili. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani inaonya kwamba watoto wa miezi 15 na wenye umri chini ya huo wasilazwe kabisa kwenye magodoro ya upepo. Haijalishi limejazwa likawa gumu kiasi gani, kwa sababu usiku linalegea.

Beba kitanda cha mtoto cha kukunja chenye godoro lake gumu. Kama hakiingii kwenye gari, tumia mkeka wa sponji ngumu isiyojazwa upepo, uliotandikwa bapa sakafuni, shuka moja iliyovutwa vizuri, bila mto wala blanketi zito, mbali na ukuta wa hema na mbali na magodoro ya wengine.

Tulijifunika mablanketi matatu Lushoto na bado tuliganda. Tatizo nini?

Baridi ilitoka chini. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka kuelekea nyuzi 10. Aliyezoea Dar, ambako Julai huohuo usiku ni nyuzi 18 hadi 20, hana habari na ardhi ya namna ile. Blanketi ulilojifunika linafanya kazi kwa juu tu. Lile la chini ya mwili limebanwa na uzito wako, hewa yake imetoka, halizuii kitu.

Godoro nene lenye upepo mtupu linaongeza tatizo. Hewa ya juu, iliyo karibu na mwili wako, ina joto, na ya chini iliyo karibu na udongo ni baridi. Kila unapojigeuza unazichanganya. Ndiyo maana godoro la sentimita 22 linaweza kuwa na baridi kuliko mkeka wa sponji wa sentimita 4, ambao hewa yake imefungwa ndani ya vitundu vidogo na haitembei.

Uwezo wa mkeka kuzuia baridi huandikwa kwa namba ya R. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo joto lako linavyobaki kwako. Tangu 2018 kuna kipimo cha pamoja kiitwacho ASTM F3340, na mkeka uliopimwa kwa kipimo hicho unaweza kulinganishwa na wa kampuni nyingine bila ubishi. Kwa pwani, R ya 1 hadi 2 inatosha mwaka mzima. Kwa Lushoto na milima ya Uluguru msimu wa Juni hadi Agosti, tafuta 3 hivi. Anayelala kambi ya Horombo kwenye Kilimanjaro, mita 3,720, asipande na chini ya 4.

Kama tayari una godoro la manyoya na safari ni kesho, usinunue kitu. Chukua blanketi moja kati ya yale matatu, likunje mara mbili, liweke juu ya godoro, chini yako. Mkeka wa sponji ngumu juu ya godoro unafanya vizuri zaidi. Na jiko la mkaa lisiingie hemani hata kwa dakika tano za kupasha joto: moshi wake usioonekana unaua watu wamelala.

Na sisi wa Kigamboni mwezi wa pili, tunaotoka jasho?

Plastiki hainyonyi jasho. Tandika khanga mbili au shuka ya pamba, na uache neti za hema wazi upande unaotoka upepo. Namba kubwa ya R hapa ni hela iliyopotea.

Pampu gani tununue?

Fanya hesabu ya upepo kwanza. Godoro la sentimita 137 kwa 191 kwa 22, ukitoa mabonde ya juu na ukingo wa duara, linabeba kama lita 450. Pampu ya baiskeli inasukuma chini ya theluthi moja ya lita kwa mpigo mmoja: piga hesabu mwenyewe mipigo elfu moja na mia tano. Pampu ya mguu inayofanana na kiriba hutoa lita moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo mtapokezana kwa mikanyago kama 225 hadi 300. Pampu ya mkono inayosukuma kwa kwenda na kwa kurudi ni ya haraka zaidi. Ndogo ya umeme yenye feni, ya kuchaji au ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, inamaliza kwa dakika mbili hadi tatu.

Feni ile ina kasoro moja: inaleta upepo mwingi wenye nguvu ndogo. Itajaza godoro, lakini haitalikaza. Jaza kwa feni, malizia kwa pampu ya mkono au ya mguu. Familia yenye magodoro mawili ibebe zote mbili. Betri ya kuchaji huisha bila taarifa, pampu ya mguu haina cha kuisha.

Kile kipampu cha volti 12 cha kujazia tairi kisikudanganye. Kimetengenezwa kusukuma upepo kidogo kwa nguvu kubwa, mdomo wake ni mwembamba kwa vali ya godoro, na kitapata moto kabla ya robo saa kuisha.

Si tukapite sheli, tujazie kwa kompresa ya tairi?

Tairi la gari dogo linakaa kwenye psi 30 hivi. Mkeka wa kulalia hauhitaji hata 2. Kompresa ile inaweza kuachanisha maungio ya ndani kabla hujauondoa mkono, na hayo hayatengenezeki.

Kupuliza kwa mdomo kuna ubaya?

Pumzi ina unyevu. Unyevu ukibaki ndani ya mkeka kwenye hali ya hewa ya Dar, baada ya miezi kadhaa unapata ukungu na harufu isiyotoka, hasa kwenye mikeka yenye sponji. Kwa mkeka wa nailoni, nunua ule unaokuja na mfuko wa kujazia: mfuko mwepesi ambao unauchotea hewa, unaufunga mdomo, unaukandamiza, na upepo unaingia kupitia vali. Mifuko miwili au mitatu inajaza mkeka wa mtu mmoja. Pumzi moja au mbili za kukazia mwishoni si dhambi.

Tunatandikaje ili isitoboke wala isiteleze?

Kazi yote iko chini ya hema. Fagia kwa mkono, si kwa mguu. Ufukweni chini ya mivinje kuna vile vitunda vidogo vigumu vyenye meno, vinajificha kwenye mchanga na havionekani mpaka ushike. Kwenye miamba ya matumbawe kuna vipande vinavyokata kama chupa. Bara, mwiba wa mgunga unapenya turubai, sakafu ya hema na mkeka kwa mpigo mmoja, na huingia hemani umechoma soli ya ndala. Kwa hiyo ndala zinavuliwa nje, siku zote.

Tandaza turubai dogo kuliko sakafu ya hema kwa sentimita 5 kila upande. Likizidi, mvua inatiririka juu yake na kuingia chini yenu. Simamisha hema. Ndani, kabla ya mikeka ya upepo, tandika jamvi au mkeka wa ukindu. Unazuia miiba iliyobaki, unakaa juu ya mchanga, na unashika plastiki isiteleze. Kama ardhi imeinama, vichwa viwe upande wa juu. Ikiinama kwa ubavu, hamisha hema, kwa sababu wote mtaamka mmerundikana ukutani.

Mkeka unaojijaza ufunguliwe vali na uachwe dakika 15 hadi 20. Ukiwa mpya, au umekaa umekunjwa muda mrefu, sponji imelala: uujaze kidogo kwa pampu na uuache na vali wazi usiku mzima nyumbani kabla ya safari. Hili huwakuta wengi usiku wa kwanza, wakadhani wameuziwa kibovu.

Ugumu kiasi gani?

Lala ubavu, mwenzako apitishe kiganja chini ya nyonga. Nyonga isiguse sakafu, lakini uso wa mkeka ubonyee kidogo. Unaodunda kama ngoma unaumiza mabega na kuchosha maungio. Hakikisha hivyo ukiwa umelala. Ukikaa kitako, uzito wote uko sehemu moja na utagusa chini hata kama mkeka uko sawa.

Tulilijaza likakaza, alfajiri limelegea. Linavuja?

Pengine halina hata tundu moja. Tuseme mmelijaza saa kumi jioni, hema lina nyuzi 33, na alfajiri ni nyuzi 21. Hewa ile ile inapopoa nyuzi 12 inapungua nafasi kwa asilimia nne hivi. Kwenye godoro la lita 450 hizo ni lita 18, karibu ndoo nzima, na hakuna iliyotoka. Mlimani, ambako usiku unashuka zaidi, pengo ni kubwa zaidi. Juu ya hilo, plastiki ya PVC mpya hutanuka siku zake za mwanzo. Lijaze nyumbani, liache siku nzima kivulini, lijaze tena, kabla ya safari ya kwanza.

Kambini, jaza nusu mchana kama unataka, kisha kaza jua likishazama na uongeze kidogo kabla tu ya kulala. Asubuhi jua likipiga hema, fungua vali utoe pumzi kidogo. Hema lililofungwa kwenye jua, au gari lililopaki juani, linapandisha hewa ile kiasi cha kuachanisha kuta za ndani.

Ukitaka kujua kama linavuja kweli, lijaze chumbani usiku, joto likiwa halibadiliki sana, uweke begi zito juu, uangalie baada ya kupita muda wa saa nane. Likilegea hapo, tafuta tundu.

Tundu linatafutwaje?

Anza na vali. Chembe moja ya mchanga wa pwani kwenye mpira wa vali inatosha kulegeza godoro ndani ya muda wa saa tatu. Futa kwa kitambaa chenye maji safi, bonyeza kiziba mpaka mwisho, jaribu tena. Msipake gundi kwenye godoro zima kabla ya kufanya hivi.

Kama vali ni nzima, jaza godoro likaze, changanya sabuni ya maji kijiko kimoja kwenye lita moja ya maji, paka kwa sponji: kwanza maungio ya pembeni, kisha chini, mwisho juu. Panapovuja panatoa vipovu vidogo vinavyokua taratibu. Upande wa manyoya povu halionekani vizuri. Hapo pitisha shavu lililoloana karibu na uso wa godoro, pasipo na feni. Mkeka mdogo wa nailoni uzamishe kwenye beseni kipande kwa kipande. Zungushia tundu duara la kalamu ya wino usiofutika mara moja, kwa sababu ukishakauka hutaliona tena.

Fundi pancha anaweza kuziba?

Kwa kile chuma chake cha moto, hapana: kinayeyusha plastiki na tundu la sindano linakuwa dirisha. Hata gundi yake ya baridi ni ya mpira wa tairi, haishiki sawasawa kwenye PVC wala kwenye nailoni. Gundi ya mabomba ya maji nayo ni ya plastiki ngumu, inakakamaa na kupasuka mtu akilala. Gundi ya matone, ile ya kuunganisha viatu kwa sekunde, ni hivyo hivyo.

PVC inataka gundi ya plastiki laini na kiraka cha PVC, vile vinavyokuja kwenye kipakiti ndani ya boksi, ambavyo watu hutupa pamoja na boksi. Nailoni inataka gundi ya poliyurethani. Hatua ni hizi:

1. Toa upepo wote. Gundi haishiki juu ya tundu linalopumua.
2. Kama ni upande wa manyoya, yakwangue mpaka plastiki tupu itokee. Kwenye PVC pitisha msasa laini kidogo tu.
3. Futa kwa spiriti, acha ikauke.
4. Kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 2 kila upande, pembe zake ziwe za duara. Pembe kali hubanduka.
5. Paka gundi pande zote mbili, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, bandika, sugua kutoka katikati kwenda nje ili upepo usibaki chini.
6. Weka kitu kizito na bapa juu, kwa muda wa saa 12. Usijaze kabla ya hapo hata kama kinaonekana kimeshika.

Kambini usiku, utepe wa gundi wa turubai uliobandikwa kwenye uso mkavu na safi unakupeleka mpaka asubuhi. Asubuhi ubandue kabla haujaacha ulimbo unaozuia kiraka cha kweli.

Limetoa nundu katikati. Inarudi?

Hairudi. Ukuta wa ndani umeachana na kitambaa, na nundu itaendelea kukua. Sababu ni moja kati ya hizi: jua, kujazwa kupita kiasi, au watoto kurukaruka. Kama bado lina dhamana, lirudishe. Kama halina, likate, utumie plastiki yake kama viraka vya lingine.

Dawa ya mbu inaharibu?

Yenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, ndiyo. Inalainisha baadhi ya plastiki, na chupa iliyomwagikia godoro la PVC huacha uso unaonata. Jipakeni nje, subirini ikauke, ndipo muingie. Mafuta ya nazi na ya kukinga jua hayatoboi, ila kiraka hakishiki mahali palipolowa mafuta.

Watoto wanataka kuogelea nalo.

Wakatazeni. Godoro la kulalia si boya, halina mahali pa kushika, na upepo wa nchi kavu unalisukuma kwenda bahari kuu haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea kulifuata. Chumvi na mchanga kwenye vali ni hasara ndogo ukilinganisha na hilo.

Mtoto amekojoa. Tufanyeje?

Mkeka wa nailoni: funga vali, futa kwa maji na sabuni, suuza, anika kivulini, umemaliza. Manyoya ya godoro la PVC yananyonya, kwa hiyo kandamiza kwa taulo kavu kwanza, kisha maji yenye sabuni kidogo, suuza mara mbili, kandamiza tena. Msitumie jiki, petroli wala thina. Kama mnajua mtoto anakojoa, tandikeni kile kitambaa cha mpira cha kitanda cha mtoto chini ya shuka. Ni cha bei ndogo, na kinazuia mengi.

Kwa nini haurudi kwenye mfuko wake?

Kwa sababu bado una upepo. Kunja mara mbili au tatu kwa urefu, anza kuviringisha kutoka miguuni kuelekea kwenye vali iliyo wazi, ukikandamiza kwa magoti. Ukifika, funga vali. Halafu fungua ule mviringo wote na uviringishe mara ya pili: safari hii upepo haurudi, na mzigo unapungua sana. Wenye haraka huruka hatua hii ya pili, kisha wanachana mfuko.

Tuuhifadhi wapi mpaka likizo nyingine?

Kwanza ukauke kabisa, pamoja na ndani ya vali. Godoro la PVC likunjwe bila kubanwa, kwenye kabati, mbali na panya. Mkeka wenye sponji usihifadhiwe umekunjwa: ulaze bapa chini ya kitanda au usimamishe nyuma ya kabati, vali wazi. Sponji ikikaa miezi sita imebanwa inasahau kutanuka. Darini chini ya bati ni mahali pabaya kwa aina zote.

Kununua kwa usalama, mpya au mtumba, niangalie nini?

Kariakoo mpya, mwombe muuzaji alijaze mbele yako. Lipapase kote, sikiliza kwenye vali, hesabu vifaa: viraka, kiziba cha akiba, mdomo wa pampu unaoingia kwenye vali hiyo. Midomo ya pampu haifanani, na pampu nzuri isiyoingia haina maana.

Mtumba wa Karume unaweza kukupatia mkeka wa nailoni mzuri kuliko godoro jipya la bei hiyo hiyo, ila ukague kwa utaratibu. Nusa kwenye vali: harufu ya ukungu haitoki. Ujaze, utafute nundu. Shika kitambaa kwa ndani ya mkunjo: kikinata au kikitoa unga mweupe, plastiki ya ndani imeanza kuachana, na hakuna gundi inayorudisha. Tundu dogo lisikutishe, lipunguzie bei. Kiziba cha vali kilichopotea kinatisha zaidi, kwa sababu kukipata cha aina ile ile ni bahati.